Zahanati ya Mtu Mmoja

Kila ajira mpya za kada ya afya zikitangazwa, simu yangu haipumziki. Wanapiga vijana waliopita mikononi mwangu kwenye mafunzo ya vitendo, watoto wa wenzangu, hata mabinti nisiowajua waliopewa namba na mtu aliyepewa namba. Kila mmoja ameshika jina la kijiji ambacho hajawahi kukisikia. "Sista, nimepangiwa huku, panafikika?" "Mama, mtandao upo?" "Dada, nasikia kuna uchawi." Hili la uchawi watu huanza kutishwa nalo wakiwa bado stendi ya basi, na anayewatisha mara nyingi ni mtumishi mwenzao aliyekimbia.

Hakuna anayeuliza mshahara. Anaujua, kwa sababu unafuata ngazi: muuguzi wa hospitali ya mkoa na muuguzi wa zahanati iliyo mwisho wa barabara, wakiwa na cheti kimoja na daraja moja, wanalipwa sawa. Tofauti inaanza saa tisa na nusu alasiri. Wa mjini akivua sare anaweza kuvaa nyingine, akaingia zamu ya jioni kwenye hospitali ya mtu binafsi au akakaa kwenye duka la dawa la shemeji yake. Wa kijijini akivua sare anasubiri kugongewa mlango. Anafanya kazi saa nyingi zaidi na mwisho wa mwezi ana kidogo zaidi. Hilo kwenye karatasi za bajeti halionekani.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimefanya kazi kusini, ukanda wa korosho unaoshuka kuelekea mto Ruvuma, kwanza zahanati, kisha ofisi ya mganga mkuu wa wilaya upande wa wauguzi. Halmashauri siitaji, waliokuwepo wanajijua. Nimepokea wengi na nimewasindikiza wengi, na kama kuna neno moja ningeomba lifike Dodoma ni hili: msimpeleke mtu peke yake.

Mwaka 2007 serikali ilianza kutekeleza MMAM, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi. Zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Wananchi waliupokea vizuri. Walifyatua matofali, wakasomba mchanga na maji, wakanyanyua maboma mpaka kwenye linta, kisha wakaisubiri serikali iezeke. Majengo yakaja mbio kuliko watu wa kuyafanyia kazi. Sisi tulioajiriwa miaka iliyofuata ndio tuliogawiwa majengo hayo, na hesabu iliyotumika kutugawa ilikuwa nyepesi: jengo moja, muuguzi mmoja, ili kila diwani arudi kwake na habari njema.

Ikama ya zahanati yangu, yaani orodha ya watumishi inaotakiwa kuwa nao, ilikuwa na nafasi za kutosha. Tabibu, wauguzi, mtu wa maabara, wahudumu wa afya. Tuliokuwepo kwa macho ni tabibu mfawidhi, mama mmoja mhudumu wa afya, na mimi. Tabibu naye alikuwa safarini muda mwingi: leo kufuata dawa, kesho kupeleka taarifa, keshokutwa semina. Alipopata nafasi ya kwenda kujiendeleza chuoni nilimpongeza, nikamfungia na kuku wa safari. Jioni ile nikarudi ndani nikaona kwamba kuanzia sasa nikiumwa mimi, zahanati imeumwa.

Kijijini kila anayevaa koti jeupe ni daktari. Hawabagui. Wanakuletea mtoto mwenye degedege, mzee aliyeangukiwa na tawi la mkorosho, kijana aliyevuta vumbi la salfa siku nzima akipulizia mashamba na sasa kifua kinambana, binti aliyetoka unyagoni na tayari ana mimba. Unamwambia mtu mimi ni muuguzi, anakuitikia "sawa daktari" na kukaa chini. Ukweli ni kwamba unafanya kazi zote hizo, kwa sababu mwenye cheti cha kuzifanya hayupo, na hospitali iko mbali kwa barabara ambayo masika inakatika.

Nisimulie usiku mmoja, maana watu wa ofisini wanapenda takwimu na takwimu hazitoki jasho.

Aliletwa mama kwa baiskeli, uzazi wa nne, njia imefunguka yote. Mtoto alitoka salama na akalia. Kondo likatoka. Halafu damu ikaanza, ile isiyokatika. Sindano ya oksitosini nilishachoma. Mkono mmoja unakanda kizazi, mwingine unatafuta mshipa wa kuweka maji, na tochi nimeing'ata kwa meno kwa sababu sola ya chumba cha kujifungulia ilikuwa imekufa. Mama mhudumu alikuwa amemshika mtoto kifuani kwa khanga huku akinipasulia vifungashio kwa mkono uliobaki. Yeye hakusomea ukunga. Kabla yangu alikuwa ameona watumishi wengi wakija na kuondoka, na alijua kila kitu kinakaa kabati gani. Kupiga simu nilihitaji mtu wa tatu, tena wa kwenda nayo mpaka kwenye kichuguu nje ya kijiji, ambako mtandao ulikuwa unashika. Tulimtuma mume. Hakuwa na salio.

Damu ilikata kabla hajarudi. Mama yule yuko hai, na mtoto wake ni kijana sasa.

Kwangu mimi shida ilikuwa asubuhi yake, kuliko ule usiku. Ilikuwa siku ya kliniki. Kina mama walikuwa wamekaa barazani tangu alfajiri, watoto migongoni, kadi mikononi, chanjo ziko kwenye jokofu zinasubiri, mizani imening'inizwa kwenye mwembe. Sikuwa nimelala. Sare ilikuwa na damu na sina nyingine kavu. Nilichanja, nikapima, nikaandika MTUHA, vile vitabu vya taarifa za huduma za afya, nikapokea wagonjwa wa nje, na usiku uliofuata hodi ikapigwa tena. Hakuna niliyemwambia kilichotokea. Ningemwambia nani? Kwenye wodi ya mjini ukipitia usiku wa namna ile, asubuhi unamkabidhi mwenzako zamu, unamsimulia, mnalaumiana kidogo, mnacheka kidogo, unakwenda kulala. Kijijini unakaa na mambo hayo mwenyewe, wiki juu ya wiki. Nimekuja kuamini kwamba hicho ndicho kinachowaondoa watu, hata pale wanapoandika sababu nyingine kwenye barua.

Na barua nimezisoma. Nilipohamishiwa wilayani, kabati langu lilikuwa na faili nene kuliko yote: maombi ya uhamisho. Mtumishi mpya anaripoti, anasubiri namba yake ya utumishi iingie kwenye mfumo, mshahara wa kwanza unatoka, na kabla ya msimu wa pili wa korosho barua iko mezani. Kumfuata mwenza. Kumuuguza mzazi. Kubadilishana na mtu aliyepatikana kwenye kundi la WhatsApp, ambaye kwa sababu zake mwenyewe anataka kuja kusini. Wengine hawaandiki, wanapiga simu kwa mtu mkubwa, na wewe unapokea maelekezo. Nilifika mahali ningeweza kumwandikia mtu barua yake bila kumuuliza jina la mume.

Nikajiwekea utaratibu wa kuwakalisha chini, barua ikiwa imeshapokelewa na muhuri umeshapigwa, pale hana tena sababu ya kunidanganya. Chai na chapati, kwenye benchi la nyuma ya ofisi. Binti mmoja aliniambia kwamba alipata malaria kali, akajitundikia dripu mwenyewe kitandani kwake, na huku dripu inaendelea akaitwa dirishani aandike dawa ya mtoto. Kijana mmoja tabibu alisema hajawahi kwenda likizo tangu aajiriwe, kwa sababu kila akiomba anaulizwa "utamwachia nani?" Mwingine alishindwa kwenda kumzika baba yake mapema, akafika wamesharudi makaburini. Huyu wa mwisho alikuwa anapendwa kijijini kuliko mwenyekiti. Walimpa shamba. Hakukaa.

Kwa hiyo mtu akiniambia vijana wa siku hizi hawana wito, ninamtazama tu. Wito unahitaji usingizi.

Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea pale Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 wakaonekana wana vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini. Sitabishana na uhakiki, cheti cha kughushi kwenye chumba cha sindano ni hatari. Lakini huku kwetu tulikuwa na zahanati ambayo mtumishi wake pekee alikuwa kwenye orodha. Aliondoka na begi lake, ufunguo akamwachia mtendaji wa kijiji, na wagonjwa wakawa wanakuja kuangalia kufuli. Kijiji kizima kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari mmoja. Ungeweza kung'oka kwa uhakiki, kwa uzazi, kwa ndoa, kwa ajali ya bodaboda. Mwaka ule uling'oka kwa cheti.

Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kuleta hoja kwenye kikao cha timu ya afya ya wilaya. Nilisema: ajira zijazo, tusigawe mmoja mmoja. Tuwapange wawili wawili, wauguzi wawili au muuguzi na tabibu, wafike siku moja, kwenye gari moja. Vijiji vitakavyokosa tuvihudumie kwa huduma ya mkoba kutoka zahanati ya jirani, kwa pikipiki, siku zinazojulikana, mpaka zamu yao ifike. Mganga mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali lililokuwa sahihi: "Sista, nani atawaambia madiwani?"

Niliwaambia mimi. Sikupendwa. Diwani mmoja alisimama akasema nimewanyima wananchi wake mtumishi ili nimpe mwingine rafiki wa kupiga naye soga. Na hoja yake haikuwa ya kijinga. Kijiji chake kilikuwa kimejenga boma kwa jasho, na mama mwenye uchungu wa usiku hawezi kuisubiri pikipiki ya mkoba ya Alhamisi. Hii ndiyo gharama ya mpango wangu na sitaki kuificha: kwa muda, kuna vijiji vilikaa bila mtu ili vingine vikae na watu. Niliona ni bora zahanati chache zinazofunguliwa kila siku kuliko nyingi zinazofungwa zamu kwa zamu. Wengine waliona vinginevyo, na nikikutana nao sokoni bado wananikumbusha.

Jozi ya kwanza walikuwa mabinti wawili waliosoma chuo kimoja. Orodha ya ajira ilipokuja imeandika jina la halmashauri tu, kuwapanga ndani ikawa kazi yetu, basi tukawapigia simu wote kabla hawajapanda basi: una mtu humu unayemfahamu? Ungependa kukaa naye? Swali dogo, la bure, na sikuwahi kuona likiulizwa kabla ya hapo. Hawa wawili wakasema tupangeni pamoja hata kama ni mbali. Tukawapeleka mbali kwelikweli.

Mwisho wa mwezi mmoja alikwenda mjini benki na sokoni, mwenzake akabaki na kituo. Mwezi uliofuata wakabadilishana. Usiku akija mzazi wanaamka wote, mmoja kwa mama, mmoja kwa mtoto, kisha asubuhi yule aliyehangaika zaidi analala mpaka saa nne. Mmoja alipojifungua mtoto wake akaenda likizo ya uzazi, na zahanati haikufungwa hata siku moja. Taarifa zao za MTUHA zilikuwa zinafika mapema mpaka mtakwimu akadhani wanazipika. Tukaenda kukagua rejesta, hazikupikwa. Walikuwa na muda wa kuhesabu, basi.

Jozi nyingine ilinitoa jasho. Tabibu na muuguzi, wote watu wazima, wakakorofishana juu ya posho ya kampeni ya chanjo, nani ameandikwa siku ngapi, nani alibaki kituoni akakosa. Wakafika mahali wanawasiliana kwa vikaratasi kupitia mhudumu. Nilikwenda nikawakuta kila mmoja ana kalamu yake na wino wake. Kuwasuluhisha nilishindwa; aliyeweza ni mzee mmoja wa kamati ya usimamizi ya zahanati, aliyewaita nyumbani kwake wakala ugali kwenye sahani moja na akakataa kuwapa maji ya kunawa mpaka waongee. Kuna mambo ya utawala ambayo hayafundishwi Chuo Kikuu cha Mzumbe.

Nisifanye ionekane kwamba wawili wakishafika kila kitu kimekwisha. Nyumba ni jambo zito. Kijiji kinajenga zahanati kwa hamasa, kisha nyumba ya mtumishi inaahirishwa, na daktari anapangishiwa chumba kwenye nyumba ya mtu, choo cha pamoja, ukuta haufiki juu, kila anayekuja kumsalimia anahesabiwa. Msichana wa miaka 24 anayetakiwa kutunza siri za kijiji kizima anaishi mahali ambapo yeye mwenyewe hana siri. Tulianza kuwaambia wenyeviti wa vijiji waziwazi: mkitaka mtumishi, anzeni na nyumba, tena ya pande mbili, na choo kiwe ndani. Vilivyosikia vilipata. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilipoanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, angalau taa, kitasa au betri ya sola vinaweza kununuliwa bila kusubiri hisani ya wilaya. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Kabla ya hapo nimewahi kuandika dokezo kwa ajili ya balbu.

Na kuna mwezi wa kwanza. Mtumishi mpya ana haki ya nauli na posho ya kujikimu, lakini haki yake na mfuko wake havikutani siku moja. Anafika na nguo zake, godoro amekopa, mshahara haujaingia. Nimewaona wakila kwa mkopo kwenye duka la kijijini, wenye duka wakijua, kijiji kizima kikijua, na bado anatakiwa awe na heshima ya kumwambia mwenye duka kwamba presha yake iko juu. Ofisi ikisema "madai yako yanashughulikiwa" haioni kama inasema kitu kibaya. Yule kijana anasikia kingine: huku umetupwa. Kuna waliolipwa baadaye fedha zote mpaka senti ya mwisho, na bado walikuwa wameshaamua kuondoka tangu wiki ile ya njaa.

Semina nazo. Zilikuwa zinaliwa na watu wa wilayani na wa vituo vya barabarani, kwa sababu taarifa inatoka leo jioni na semina ni kesho asubuhi. Wa mbali anasikia zimeshaisha. Kupanda daraja vilevile: fomu inatakiwa kwa haraka, mfumo wa kupima utendaji umehamia kwenye kompyuta, na yeye anapanda mti kutafuta mtandao. Mtu akikaa miaka mingi porini akaona aliyesoma naye anampita cheo kwa sababu tu yuko karibu na mashine ya fotokopi, usimwimbie uzalendo. Tulichofanya ni kugeuza foleni: nafasi ya semina ikija, wa kwanza kuulizwa ni aliye mbali kuliko wote. Na kwa kuwa wako wawili, anaweza kutoka.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2010 mapendekezo ya namna ya kuwapata na kuwabakiza wahudumu wa afya vijijini, likayapitia upya mwaka 2021. Mengi tuliyokuwa tunahangaika nayo yamo: makazi, usalama, malipo, kujiendeleza, na kuchukua wanafunzi wenye asili ya vijijini. Hili la mwisho nimelijaribu na nina maneno nalo. Ni kweli mwenyeji anakaa. Hatishiki na popo, anaelewa Kiyao cha bibi asiyejua Kiswahili vizuri, ana mama yake karibu wa kumlelea mtoto. Binti mmoja wa kata ileile, aliyesomeshwa kwa fedha za korosho za baba yake, amekaa mpaka leo. Lakini mwenyeji hana mlango wa kufunga. Mjomba anataka dawa bila kadi wala foleni. Shangazi anataka kujua kipimo cha mke mwenza. Akiandika ukweli kwenye rejesta ni mbaya, asipoandika ni mwizi. Mwenyeji naye anahitaji mgeni pembeni yake, wa kumsingizia: "Mimi ningekupa, shangazi, ila mwenzangu ndiye mwenye funguo." Nimelisikia hilo kwa masikio yangu, na nilijificha nicheke.

Rafiki yangu tuliyesoma naye ukunga alihamia Marekani, akasoma tena, na sasa ni muuguzi wa ngazi ile inayoruhusiwa kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Ngazi hiyo ilianzia Colorado mwaka 1965, mwalimu wa uuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo yake, kwa sababu kulikuwa na watoto wengi wasiofikiwa na madaktari. Nilipomsikia akieleza kazi yake nilicheka, maana ni ileile tuliyokuwa tunaifanya hapa kwa tochi. Yuko kwenye mji mdogo wa mashamba, na serikali kuu kupitia mpango wao mmoja inamlipia deni la chuo kwa sharti akae kwenye eneo lenye upungufu, kuanzia miaka miwili. Hapa kwetu mwenye mkopo wa elimu ya juu anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, awe Masaki au awe ng'ambo ya mto usio na daraja. Nilimwambia ningeipata sera hiyo ningewabakiza wengi. Akanijibu: "Wanakuja wengi, mwenzangu. Miaka ikitimia nusu ya niliowakuta hapa walihama." Nikamuuliza mko wangapi hapo kituoni. Akasema daktari anakuja mara moja kwa wiki, siku nyingine ni yeye.

Kitu kilichonipa nafuu karibuni ni m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga uliotangazwa kwenda nchi nzima mwaka 2022. Unapiga 115 bila salio, anapokea mtu, anakupangia gari la wagonjwa, na kama halipo anamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye analipwa na mfumo. Watu wanausifia kwa magari. Wauguzi wangu wanausifia kwa ile sauti: usiku wa manane kuna mtu mwingine aliye macho ambaye anajua una nini mkononi. Mmoja aliniambia huwa anamwomba mpokeaji asikate mpaka gari lifike. Pale penye mtandao, bila shaka. Kichuguu chetu bado kipo.

Mwaka huu kuna boma jingine limeshaezekwa, bati la bluu, limepakwa rangi nzuri, limewekewa marumaru. Nyumba ya mtumishi bado iko kwenye msingi. Diwani wa kata hiyo ni yuleyule aliyenisema kwenye baraza, na amekuja ofisini mara mbili kuuliza lini tunalifungua, kwa sababu amesikia nimepata muuguzi mmoja wa ziada. Kweli nimempata. Nimempeleka akae na wale mabinti wa mbali, ajifunze kazi kwao, na diwani nimemwonyesha jina lake kwenye orodha na nafasi iliyo wazi chini yake. Hakufurahi. Ameniuliza nyumba ya pande mbili inakula matofali mangapi, nikamwitia fundi wa halmashauri wakatoka nje kupiga hesabu.